Baruti ya Pigo Moja

Sogeeni. Mwenye kukohoa akohoe sasa, na mwenye kiu akanywe arudi, maana hadithi hii mwanzo ni wangu lakini mwisho ni wenu, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba hakusikia vizuri.

Kule kusini, mikorosho inapoishia na pori linapoanza, kuna kijiji kinaitwa Namkongola. Katika kijiji hicho walikuwapo watu watatu, na kila mmoja alijaliwa chake.

Nampota alijaliwa jicho. Alipokuwa kijana aliweza kuokota kokoto, akalirusha, likakata kikonyo cha bibo juu ya mkorosho, na bibo lenyewe likaanguka bila mkwaruzo. Wasichana walikuwa wakipita chini ya mikorosho ile makusudi. Baadhi yao leo ni bibi za watu, sitawataja.

Chitanda alijaliwa kiganja. Kijijini kulikuwa na bunduki moja, gobori la kushindilia, mali ya kijiji kizima kwa ajili ya kulinda mashamba, na gobori halina huruma na mtu asiyejua kipimo. Baruti ikipungua, mnyama anachubuka tu, kisha anakujia. Ikizidi, mtutu unapasuka na kuondoka na uso wa mpigaji. Chitanda hakuwa na kijiko wala kibaba. Alimimina baruti kiganjani, akafumba mkono, akafumbua, na kipimo kilikuwa kile kile kila siku. Yeye na Nampota waliingia jando msimu mmoja, wakatoka hawaachani.

Bi Somoe alijaliwa kutunza. Nguo za harusi, sanda za akiba, mbegu za mwakani, vyote vililala kwake. Ukimpa yai leo, mwakani utalikuta. Huenda lina miguu, lakini utalikuta. Kitu kimoja tu hakuweza kukitunza, nacho ni siri. Ukitaka kijiji kijue jambo kabla ya adhuhuri, mnong'oneze Bi Somoe asubuhi na umwombe asimwambie mtu.

Desturi ya Namkongola ni hii. Anayeua mnyama mkubwa aliyekuwa anatishia watu hupewa mkia wake mbele ya kijiji, anautundika ukutani, na mwenye mkia ndiye mwenye bunduki. Hulala nayo kwake, huamka nayo, na jina lake huandikwa kwenye karatasi ya serikali. Nampota aliupata mkia hata miaka thelathini hajafika. Alikuwa akitembea na gobori begani kama mtu aliyebeba mtoto wake wa kwanza. Na mtoto wa kwanza mwenyewe hakuwa naye, wala wa pili. Hapo ndipo ubaya ulipoingilia.

Ilikuwa msimu wa mabibo, uraka, ile pombe ya mabibo, umeiva, na watu wamekaa kilabuni tangu asubuhi. Chitanda, ambaye ulimi wake ukilowa ulikuwa haujui kupumzika, alisema mbele ya wote kwamba jicho la Nampota linapiga kila kitu porini, ila nyumbani kwake miaka yote halijapiga kitu. Watu walicheka. Hata waliomwonea huruma walicheka kwanza, huruma ikafuata. Nampota aliweka kata chini, akaondoka. Walidhani amekwenda kulala. Kutoka kilabuni hadi kwake ni mwendo wa mtu kuchambua sinia la mchele akalimaliza, na kurudi ni mwendo ule ule. Alirudi na gobori. Akampiga Chitanda gotini.

Mahakamani alisema lilimponyoka. Akapewa miaka saba.

Kule nyuma kijiji kiligawanyika. Wengine walisema jicho lile halijakosea hata siku moja, iweje lianze kukosea kwenye goti la mtu. Wengine walisema angekusudia angempiga kifuani, kwa hiyo kweli lilimponyoka. Bi Somoe alizibeba kauli zote mbili nyumba hadi nyumba, na kila nyumba aliipa ile iliyoipenda.

Wazee waliamua bunduki isilale tena kwa mtu mmoja. Gobori lenyewe na fataki zake, vile vidude vya kuwashia baruti, vikawekwa kwa Bi Somoe, ndani ya sanduku lenye kufuli, na Bi Somoe akala kiapo kwamba mkono wa Nampota hautaligusa kupitia kwake. Baruti na gololi alizitaka Chitanda mwenyewe.

"Nipeni mimi," aliwaambia. "Kila nikisimama nakumbushwa."

Mkia wakamvua Nampota, wakampa mzee mmoja aliyeitwa Mkoyogole. Mzee huyo kila akitaka kupiga nguruwe ilibidi aende kwanza kwa Bi Somoe akasikilize habari zote za kijiji ndipo apewe gobori, halafu aende kwa Chitanda apimiwe. Nguruwe wengi waliokoka kwa sababu ya habari za Bi Somoe. Mzee Mkoyogole alipofariki walimzika na mkia wake, na tangu hapo hapakuwa na mpigaji, kwa sababu kila mjomba alikuwa anamtaja mpwa wake.

Nampota alimaliza miaka yake saba akarudi. Mkewe alimngoja minne, wa tano akachoka, akaolewa Nachingwea. Nampota akajenga kibanda, akalima mahindi kule pembezoni mwa pori, mahali ambapo hakuna mwingine aliyetaka kulima. Nguruwe walikuwa wakimfuata kama walioalikwa. Na yule mtu ambaye angeweza kumlaza nguruwe kwa mlio mmoja akawa anazunguka shamba lake na debe bovu na kijiti, anapiga kelele za bati tangu alfajiri.

"Nampota, debe limeua wangapi leo?" wanawake walimuuliza wakipita na ndoo zao.

Alikuwa anatabasamu. Lakini mara mbili alikwenda ofisini kwa mwenyekiti, amevaa shati la Ijumaa, akaomba jina lake lirudishwe. Mara zote mbili aliambiwa tutaona. Miaka mitano ikapita wakiwa bado wanaona.

Sasa sikilizeni siku yenyewe.

Kisima cha Namkongola ni shimo pana, mtu anateremka kwa ngazi za udongo mpaka kwenye maji. Asubuhi hiyo, jua limeshapanda, wanawake watatu walikuwa chini wanachota. Mmoja wao alikuwa Sikudhani, binti wa Chitanda, mwenye tumbo la miezi minane. Nyati dume akatokea porini peke yake, mguu wa mbele umekatwa na waya wa mtego, waya bado unaburutika. Maumivu yalikuwa yamemtia wazimu. Alikwenda kusimama pale pale juu ya ngazi, akawaona wale walioko chini, na hakuondoka. Akaanza kuupiga ukingo kwa pembe. Udongo ukawa unawamwagikia wanawake vichwani, nao maji yanawafika magotini, hawana pa kwenda.

Nampota aliyaona hayo akiwa shambani kwake. Kwanza alilipiga debe kwa nguvu zake zote. Nyati hakugeuza hata sikio. Basi akalitupa debe, akakimbia, na hakukimbilia kisimani. Alikimbilia kwa Bi Somoe.

Alimkuta uani anapepeta. Akamweleza kwa maneno machache, anahema, na kumwomba gobori.

"Nilikula kiapo," Bi Somoe alimwambia.

"Basi njoo upige wewe."

"Mimi nikipiga nitamuua mwenyekiti."

Hata hivyo alikuwa ameshasimama, ungo umeanguka, ufunguo ameutoa kwenye pindo la kanga kiunoni. Kutoka uani hadi chini ya kitanda si mbali, lakini Bi Somoe baadaye aliwaambia watu, na aliwaambia wengi, kwamba hajawahi kwenda safari ndefu kama ile. Alijua anachovunja. Alijua kwamba kijiji kilimpa vitu vyake vyote kwa sababu ya neno lake tu, na neno likishavunjika hata mbegu watakuja kuzichukua. Akafungua. Akalibeba gobori yeye mwenyewe, akazifunga fataki kwenye pindo lile lile, akamwambia Nampota:

"Tangulia. Utaligusa mbele ya nyati, si mbele yangu peke yangu."

Chitanda alikuwa ameshasikia mayowe. Alikutana nao njiani, fimbo kwapani, kibuyu cha baruti shingoni. Yeye alikuja bila kuitwa, maana mtoto ni wake. Alipomwona anayekuja pamoja na Bi Somoe ni nani, alisimama. Kwa miaka mitano watu hawa wawili walikuwa wakipishana njiani kila mmoja akitazama upande wake wa majani. Sasa walitazamana. Kule kisimani Sikudhani aliita jina la baba yake.

Chitanda akapiga magoti, yaani goti moja, lile jingine halikunjiki. Akamimina baruti kiganjani, akafumba, akafumbua. Akaitia mtutuni, akachana kipande cha shati lake, akakishindilia kwa mdeki, ule ufito wa gobori, akatia gololi, akashindilia tena. Mwili wake ulikuwa kati ya Nampota na ile baruti muda wote. Nampota hakuona ni kiasi gani kimeingia. Kama mtu alitaka kumuua Nampota bila kulaumiwa na yeyote, nafasi ilikuwa hiyo. Konzi moja ya ziada, na mtutu ungemaliza mambo ya miaka kumi na miwili.

Akamnyooshea gobori. Nampota hakulipokea mara moja.

"Umeniruhusu?" aliuliza.

"Piga. Yangu mimi na wewe tutaongea baadaye."

Nampota alilipokea. Aliweka fataki, akaweka shavu kwenye mti wa bunduki iliyoshindiliwa na mtu ambaye yeye mwenyewe alimlemaza, na hakulikwepesha. Alijua nyati aliyejeruhiwa akikoswa hakupi nafasi ya kushindilia tena. Alijua vilevile kwamba kuligusa tu lile gobori kunaweza kumrudisha alikotoka, hata akipata, hata kila mtu akiokoka. Alisogea karibu mpaka alipoweza kuona nzi kwenye jicho la nyati. Nyati akageuka. Mlio ukawa mmoja. Nyati alipiga hatua tatu, ya nne ikamshinda, akaanguka, na pembe yake ikachimba udongo mahali ambapo Nampota alikuwa amesimama kabla hajaruka.

Nampota akalilaza gobori chini, taratibu, akainua mikono yake na kurudi nyuma. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Wanawake walitolewa. Sikudhani alikuwa mzima, na tumboni mlikuwa na mateke. Nyama iligawanywa kwa kila nyumba. Mkia ukakatwa, ukasuguliwa chumvi, ukatundikwa kwenye msumari wa mlango wa ghala la korosho, ukingoja mwenyewe.

Siku ya tatu alikuja bwana nyama, afisa wa wanyamapori kutoka wilayani, na kijiji kikakutana ndani ya ghala, watu wamekalia magunia matupu. Bwana nyama alikuwa mtu wa maneno ya kupima. Alisema kijiji kimejihami, amekwisha kuandika hivyo, na kwa siku ile hatamshtaki mtu. Ila bunduki lazima iwe na jina, haiwezi kuendelea kulala chini ya kitanda kama kandambili. Mtu aliyefungwa kwa kosa la bunduki, ofisi haimwandiki hivi hivi. Lakini kijiji chote kikisimama na kumtaka, yeye atalipeleka jina lake na kulitetea. Akaacha mstari mmoja mtupu kwenye daftari lake.

"Nipeni jina moja," alisema, "nami niwahi kabla mvua haijakata barabara."

Mwenyekiti alitaka kujua kila mmoja wa wale watatu angefanya nini na mkia.

Wanawake walimsukuma Bi Somoe asimame. Kukawa na vicheko upande wa wanaume, mwanamke na mkia. Yeye aliwangoja wamalize. Akasema kiapo amekivunja, hatakana, anayetaka mbegu zake aje azichukue. Lakini katika miaka kumi na miwili gobori lile limetoka mara moja tu kwa uamuzi wake mwenyewe, na mara hiyo lilitoka kwa haki. Akipewa mkia, litabaki sandukuni. Ikija hatari atafungua, na mkono wa kulishika atauchagua yeye, siku hiyo hiyo, kwa kuitazama hatari na kumtazama mtu.

"Limelala chini ya kitanda changu miaka kumi na miwili," alimaliza. "Marehemu mume wangu hakuwahi kulala hapo muda mrefu hivyo."

Hata bwana nyama alicheka.

Nampota aliulizwa. Alikuwa amevaa lile shati la Ijumaa. Alisema akipewa mkia ataamka alfajiri na kuzunguka shamba lake na gobori begani. Hata asipopiga kitu. Nguruwe wamwone tu, na watu wanaokwenda kisimani wamwone. Akakaa. Kuna waliotazama chini, maana walikumbuka habari za debe.

Chitanda alisimama mwisho, kwa fimbo.

"Binti yangu yuko hai kwa mkono wake," alisema. "Hilo nitalisema mpaka nife. Lakini nilimpa baruti ya pigo moja. Sikumpa ya maisha."

Nampota akainuka tena.

"Na hakimu alinipa miaka saba. Hakunipa ya maisha."

Chitanda alimgeukia mwenzake wa jando, akamuuliza swali ambalo kijiji kizima kilikuwa kimelijibu kila nyumba kwa namna yake, isipokuwa mtu mmoja ambaye hajawahi kuulizwa ana kwa ana na mwenye goti.

"Siku ile. Lilikuponyoka, au ulilenga?"

Nampota alijua, na kila aliyekuwa ndani ya ghala alijua, kwamba neno moja lingemaliza shughuli. Akisema lilimponyoka, basi ilikuwa ajali, miaka amekwisha kuilipa, na mkia ungetoka msumarini ukaja mkononi mwake kabla mvua haijaanza. Bwana nyama alikuwa ameshafungua kalamu. Nampota aliutazama mkia. Akalitazama goti.

"Nililenga," alisema. "Nililenga goti. Nilitaka uishi unikumbuke."

Bi Somoe, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, alisikia habari kubwa na hakugeuka kumwambia wa jirani yake.

"Na mahakamani?" mwenyekiti alimuuliza.

"Mahakamani niliogopa."

"Na leo?"

"Leo ameniuliza mwenyewe."

Chitanda alirudi kukaa polepole. Alishika goti lake kwa mikono miwili, kana kwamba amerudishiwa. Aliulizwa kama basi anautaka mkia yeye, alitunze gobori na baruti pamoja, amfundishe mpwa wake kupiga. Akajibu kwamba juzi angesema ndiyo. Aliulizwa kama anataka apewe Nampota. Akajibu kwamba juzi angesema hapana. Leo hajui, wasimharakishe.

Basi maneno yakaanza. Wengine walisema mtu aliyekwenda nyumbani na kurudi na bunduki, hasira yake haikupoa njia nzima, anaweza kwenda tena na kurudi tena. Wengine wakasema mtu anayesema kweli ikimgharimu hivyo ndiye pekee wa kupewa kitu cha hatari, maana wengine wote ghalani hatujui tunaficha nini. Upande mmoja ukasema Chitanda ndiye mwenye haki, alikuwa na uhai wa adui yake kiganjani na akapima sawasawa. Wanawake wakasema bila ufunguo, jicho na kiganja vingesimama kisimani vikitazama. Mvua ikaanza kugonga bati. Bwana nyama alifunga daftari, mstari bado mtupu, akasema atarudi Alhamisi.

Nampota alitoka, akaupita mkia bila kuugusa, akaenda shambani kwake. Nguruwe walikuwa wameshaingia. Akaliokota debe lake pale alipolitupa siku ya nyati, limebonyea upande mmoja, akaanza kuzunguka akilipiga, mvua ikimnyeshea. Chitanda, ambaye njia ya kwake inapita hapo, alisimama ukingoni kwa muda mrefu akimtazama. Hakupita akitazama majani.

Mkia ule bado uko msumarini, na Alhamisi ni kesho. Yupo aliyevunja neno lake, yupo aliyempimia sawasawa mtu aliyemlemaza, yupo aliyepiga na kisha akasema kweli. Angekosekana mmoja, leo tungekuwa tunasimulia msiba wa wanawake watatu na mtoto wa tumboni.

Haya, mimi nimemaliza zamu yangu. Kalamu ya bwana nyama naiweka mkononi mwako, wewe uliyekaa karibu na mlango na hujasema neno tangu tulipoanza. Mstari ni mmoja tu. Utaandika jina la nani, na utamwambia nini yule usiyemwandika?